Shaba, Uzuri na Wakati: Tafakari Kutoka Hirbadaw

Katika Biblia kuna sanamu ya shaba ambayo tunajua mwanzo wake, kazi yake na mwisho wake. Mwanzo na kazi viko katika Hesabu 21. Waisraeli wamenung'unika jangwani, nyoka wanawauma, watu wanakufa, na Musa anaagizwa kutengeneza nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti. Kila aliyeumwa akamtazama, akapona. Mwisho uko katika 2 Wafalme 18, zaidi ya miaka 500 baadaye. Mfalme Hezekia anamvunjavunja nyoka yule yule kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Kufikia hapo alikuwa amekwisha kupewa jina, Nehushtani.

Kati ya sura hizo mbili Biblia iko kimya. Haituambii ni nani aliyembeba kuvuka Yordani, wala alitunzwa nyumbani kwa nani wakati wa Waamuzi, wala ni siku gani mtu wa kwanza alimwekea kaa la moto na uvumba. Sisi tunadhani walioanza kumtunza walikuwa watu wenye shukrani, ambao babu zao waliponywa. Shaba ilibaki ile ile kwa uzito na kwa umbo. Kilichobadilika ni kile ambacho watu walikitazamia kutoka kwake.

Tumeanzia mbali, lakini swali linalotusumbua liko karibu. Sisi tunaohudumu upande huu wa Hirbadaw, kati ya Mbulu na Hanang, tunaishi na majirani ambao shaba iko mikononi na shingoni mwao kila siku. Mwanamke wa Kibarbaig anapoomba ubatizo, shaba yake ivuliwe? Tumesikia habari za mahali ambapo ilikatwa kwa koleo kabla ya siku ya ubatizo, mbele ya watu, na mama akaingia kanisani mikono mitupu, akiwa na alama nyeupe za mahali bangili zilipokaa maisha yake yote. Wengine waliona huo ni ushindi wa Injili. Wengine, na sisi tumo, walibaki na maswali.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili chetu huita shaba vitu kadhaa. Ipo shaba nyekundu yenyewe, inayochimbwa ardhini. Ikichanganywa na bati hupatikana ile ngumu ya kuchongea sanamu na kutengenezea kengele, ambayo kamusi nyingine huiita shaba nyeusi. Ikichanganywa na zinki hupatikana ile ya njano inayong'aa kama dhahabu ya maskini. Kiebrania nacho kilitumia neno moja, nehosheti, kwa nyekundu na kwa mchanganyiko wake, na neno hilo linakaribiana kwa sauti na nahashi, yaani nyoka. Ndiyo maana jina Nehushtani lilibeba yote mawili, nyoka na shaba, na pengine kidogo cha dharau.

Shaba tunayoiona huku ni ya njano. Wanaoitengeneza ni wahunzi wa Kidatoga wa ukoo wa Gidang'odiga. Hawachimbi madini. Malighafi yao ni kufuli mbovu, koki za mabomba, maganda ya risasi, vipande vilivyookotwa mnadani. Mhunzi huvikatakata, huvitia katika chungu kidogo juu ya mkaa, na msaidizi wake hupuliza kwa viriba vya ngozi ya mbuzi. Moto ukizidi, zinki huanza kuungua na kutoa moshi mweupe. Metali ikishakuwa maji humiminwa katika mfereji mwembamba, ikapoa ikawa fimbo fupi, kisha hugongwa, husokotwa na kukunjwa hadi iwe bangili. Mabaki ya kazi hiyo hurudi kwenye chungu.

Hapa tuseme jambo ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko bangili. Kwa desturi, ukoo huu wa wahunzi umetengwa. Koo nyingine za Kidatoga hazioani nao. Kila mtu huvaa kazi ya mikono yao, lakini si kila mtu yuko tayari kuwa mkwe wao. Maandiko yana mwelekeo mwingine. 1 Wafalme 7 inamtaja Hiramu wa Tiro, mwana wa mjane, fundi wa shaba, na kumsifu kwa hekima na ufahamu. Ndiye aliyesubu nguzo mbili za hekalu, Yakini na Boazi, kila moja dhiraa 18 kwenda juu, zikiwa na makomamanga na mayungiyungi kwenye vichwa vyake. Nguzo zile hazikubeba kitu tunachoambiwa. Zilisimama mlangoni ziwe nzuri, na Mungu hakulalamika. Kanisa linaloshughulika na bangili ya mshirika huku likinyamazia kutengwa kwa aliyeitengeneza lingefaa kuanza upya kusoma sura hiyo.

Sasa bangili yenyewe. Macho ya mgeni huona pambo tu. Anayekaa na watu huanza kuona kwamba ni kama kalenda. Msichana ana chache. Aliyeolewa ana zaidi, pamoja na sketi ya ngozi ambayo mwanamke wa Kibarbaig huiheshimu mno. Mama mtu mzima ana shaba iliyozungushwa mkono kwa mizunguko mingi, na mizunguko hiyo haivuliwi jioni na kuvaliwa asubuhi kama saa ya mkononi. Inakaa. Tumeona bangili iliyovaliwa miaka mingi hadi upande wa ndani umelainika kama kokoto ya mtoni, na upande wa nje, mahali ilipogongana na mpini wa jembe na ukingo wa kibuyu, umelika. Mwili umeila shaba, na shaba nayo imeacha alama mwilini. Huo ni uzuri ambao hauwezi kununuliwa mpya dukani, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzuri wake ni miaka.

Watu hawa waliishi na kumbukumbu ya wakati pasipo saa ya ukutani. Ushahidi mkubwa zaidi si shaba bali ni udongo, nao ni bung'eda. Mzee aliyeheshimika akifa, hata mwanamke, juu ya kaburi lake hujengwa mnara wa udongo na samadi, mpana chini na mwembamba juu, unaoongezwa kimo hatua kwa hatua kwa muda wa miezi kama tisa, huku jamaa wakikusanyika. George Klima, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyekaa na Wabarbaig katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, aliieleza shughuli hiyo kwa kirefu. Ikikamilika, mnara huachwa. Mvua huupunguza, nyasi huota, lakini wajukuu hujua ulipo.

Kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma, NAFCO, yalifunguliwa katika mbuga za Basotu kwa msaada wa Kanada. Yalikuwa saba, jumla yake ikikaribia ekari 100,000. Trekta haikujua tofauti ya kichuguu na kaburi. Bung'eda zikalimwa. Wabarbaig walipeleka malalamiko yao mahakamani, na habari hiyo ni ndefu kuliko nafasi yetu hapa. Tunaitaja kwa sababu inaeleza kwa nini mama mzee wa Kibarbaig hushtuka akiona koleo. Ardhi yenye makaburi ya baba zake imekwisha kusawazishwa. Alichobaki nacho cha kushikika, kinachomwambia yeye ni nani na ni wa lini, mara nyingi ni kile kilicho mkononi mwake.

Swali la uzuri na wakati limewasumbua pia wasanii wa mbali, tena katika shaba. Wengi wetu tumeona kwenye simu picha ya saa iliyolainika, imening'inia kwenye tawi kama ngozi iliyoanikwa, bila kujua ni kazi ya nani. Ni ya Salvador Dalí, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1904 na kufa mwaka 1989. Alikuwa miongoni mwa kundi lililoitwa wasurrealisti, watu walioanza Paris, Ufaransa, mwaka 1924, wakitaka kuchora na kuchonga mambo kama yanavyoonekana ndotoni, si kama yanavyoonekana mchana.

Wengi wao walikuwa vijana walioiona vita ya 1914 hadi 1918. Vita hiyo ilifika hata kwetu. Mwaka 1916 ilipiganwa Kondoa, jirani zetu wa kusini. Huko Ujerumani serikali ilikusanya kengele nyingi za makanisa na kuziyeyusha kwa ajili ya silaha. Kengele ya kanisa ni shaba, takribani sehemu nne za shaba nyekundu kwa moja ya bati, na kazi yake ni kuutangaza wakati: wakati wa ibada, wa arusi, wa msiba. Sisi wa vijijini tunaopiga rimu ya gari iliyotundikwa mtini tunajua thamani ya sauti ile. Kizazi kilichoona kengele zikigeuka mizinga kilikuwa na sababu ya kutoiamini saa.

Dalí alichora saa zake laini mwaka 1931. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia alipotazama jibini ikiyeyuka. Mfugaji wa huku angesema samli juani. Mwaka 1977 alibuni sanamu ya shaba ya wazo lile lile. Saa inadondoka juu ya mti, na ukiitazama kwa upande, ukingo wake unakuwa uso wa mtu, uso wa Dalí mwenyewe. Kuna mzaha na kuna huzuni. Amechukua metali ngumu, inayoweza kudumu miaka elfu, akaitumia kuonyesha kitu kisichodumu. Yeyote anayejua jinsi sanamu nyingi za shaba zinavyosubiwa ataelewa kwamba hakuwa akidanganya. Kwanza hutengenezwa umbo la nta. Nta hufunikwa kwa udongo, udongo huchomwa, nta huyeyuka ikatoka, na shaba iliyoyeyushwa huingia mahali ilipokuwa nta. Kabla ya kuwa ngumu ilikuwa laini mara mbili.

Kazi yake nyingine inahusu uzuri. Mwaka 1820 mkulima mmoja katika kisiwa cha Milos, Ugiriki, aligundua sanamu ya kale ya marumaru ya Venus, mungu wa kike wa uzuri wa mataifa ya kale. Sasa iko Paris katika jumba la Louvre, haina mikono, na watu husafiri toka mbali kuitazama. Mwaka 1936 Dalí alichukua mfano wake wa plasta akautia droo, kama droo za kabati la nguo, kwenye paji la uso, kifuani, tumboni na gotini. Mwaka 1964 umbo hilo likasubiwa kwa shaba. Mtu akiiona mara ya kwanza hucheka au huchukizwa. Sisi hatumfuati Dalí kila alikokwenda, maana alizipa tamaa za mwili nafasi kubwa kuliko inavyofaa. Hata hivyo droo zile zinauliza swali ambalo mhubiri pia anapaswa kuliuliza: ndani ya kitu tunachokiita kizuri, tumeficha nini? Venus aliabudiwa. Wakati ulimvunja mikono, ukamwondolea waabudu, akabaki anatazamwa tu. Nehushtani alipita njia ile ile akielekea upande wa pili. Alianza kwa kutazamwa, akaishia kuabudiwa.

Tusidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya shaba ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi ya kuteka pwani yetu. Baada ya vita sanamu ilipelekwa Hamburg, ikasimamishwa huko mwaka 1922, na mwaka 1968 wanafunzi Wajerumani wakaiangusha. Shaba ilikuwa bado nzima. Heshima ndiyo iliyokwisha. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya vita ile, ingali imesimama na bunduki yake, ikizungukwa na magari.

Basi ni lini kuvunja na ni lini kuacha? Sisi Walutheri tuna historia yetu katika jambo hili, na inashangaza jinsi inavyosimuliwa kwa nadra. Mwanzoni mwa mwaka 1522 Martin Luther alikuwa bado amefichwa katika ngome ya Wartburg. Huko Wittenberg mwenzake Andreas Karlstadt aliandika kwamba sanamu lazima ziondolewe makanisani, baraza la mji likakubali, na watu wengine wakaanza kuzivunja wenyewe. Luther alirudi tarehe 6 Machi, ingawa maisha yake yalikuwa hatarini. Kuanzia Jumapili ya tarehe 9 alihubiri siku nane mfululizo. Katika mahubiri hayo alimtaja nyoka wa shaba.

Hoja yake, kwa maneno yetu, ilikuwa hivi. Musa aliyeleta amri ya kukataza sanamu ndiye aliyemwinua nyoka, kwa hiyo kuwa na umbo si dhambi yenyewe. Kuliabudu ndiyo dhambi. Hezekia alivunja kwa sababu liliabudiwa, na alivunja akiwa mfalme mwenye mamlaka, si kundi la watu lililovamia usiku. Luther hakuzipenda sana sanamu za wakati wake, na alisema wazi kwamba ingekuwa heri zisingekuwapo. Lakini alishikilia kwamba kabla ya mkono kugusa sanamu, Neno liguse moyo, maana ukiiondoa machoni pa mtu na kuiacha moyoni mwake hujamsaidia. Akaongeza kwamba kama kila kinachotumiwa vibaya kingeharibiwa, ingebidi tulitoe jua angani, kwa kuwa wapo wanaoliabudu.

Tukirudi Hirbadaw na hoja hiyo mkononi, tunaona shaba za aina mbili, hata kama kwa macho zinafanana. Ipo bangili ambayo mganga ameiagiza, ikasemewa maneno, na aliyeivaa anaamini kwamba akiivua atakufa au mtoto wake atakufa. Hiyo ni Nehushtani. Mshirika aiache, lakini aiache mwenyewe akiwa amefundishwa, akishikwa mkono na wazee wa kanisa, huku tukikaa naye usiku ule wa kwanza wa hofu. Wachungaji tunapenda kuivua shaba mchana na kumwacha mama peke yake usiku. Ipo pia bangili inayosema tu kwamba huyu ni mke wa fulani, mama wa watoto sita, aliyezeeka kwa heshima. Hiyo tuiache mahali ilipo. Pete ya ndoa tunayoibariki madhabahuni nayo ni metali ya duara inayovaliwa kidoleni kueleza wakati ambao mtu aliingia katika agano, na hatujamsikia mwinjilisti akiijia na koleo.

Kuna mama mmoja mzee aliyetuuliza kama Mungu ataichukia mikono yake. Tulimsomea Kutoka 38:8. Ni mstari mmoja katikati ya orodha ndefu ya vipimo vya hema, na wasomaji wengi huuruka. Unasema kwamba birika la shaba, ambalo makuhani walinawia, lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema ya kukutania. Siku zile vioo vilikuwa shaba iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Vilikuwa mali ya wanawake waliotoka Misri, vya kutazamia uso wakati wa kujipamba, na kila mmoja ulikuwa umeona uso ule ukiwa kijana na ukianza kukunjamana.

Mstari hautaji amri ya kuwanyang'anya. Hausemi kwamba kujitazama kulikuwa dhambi. Majina yao hayakuandikwa, wala idadi yao. Besaleli aliziyeyusha shaba zile pamoja, kioo cha tajiri na cha mjane, na kila siku Haruni na wanawe walipokaribia madhabahu walinawa mikono na miguu yao pale.